Utando wa Magnesiamu

Magnesiamu ni metali yenye sifa nyingi na ila moja. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 1.3 hivi za metali hii, na kila atomu yake hutoa elektroni mbili pale ambapo lithiamu hutoa moja. Kwa ujazo ule ule huweza kuweka karibu maradufu ya chaji. Azisomaye sifa hizi kitabuni hudhani kuwa betri yake ya kuchajiwa ilikwisha kujaa madukani zamani. Haikujaa.

Ila yenyewe ni utando. Katika majimaji ya kawaida ya betri, lithiamu hujifunika utando mwembamba upitishao ioni zake. Utando wa magnesiamu huwafungia mlango hata wenyeji wake.

Njia ilitokea mahali pasipotazamiwa. Victor Grignard, Mfaransa aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1912, alikuwa amechanganya magnesiamu katika etha kwa haja nyingine kabisa za kemia. Humo metali haifanyi utando. Huyeyuka, kisha hurudi kuganda. Walakini mchanganyiko huo hauvumilii volti kubwa. Mwaka 1990 Thomas Gregory na wenzake, huko Marekani, walionyesha kuwa betri yawezekana. Na mwaka 2000 Doron Aurbach na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bar-Ilan, Israeli, walitangaza betri iliyochajiwa na kutumiwa zaidi ya mara 2,000. Ncha yake chanya ilikuwa ya molibdenamu na salfa, kwa kuwa ioni ya magnesiamu, yenye chaji mbili, hushikwa mno na oksijeni hata ikashindwa kwenda.

Sifa ile ilikuwa ya haki, lakini uimara ulinunuliwa kwa nguvu. Betri ile ilitoa volti 1.1 hivi, na betri za ioni za lithiamu, ambazo Sony ilianza kuziuza mwaka 1991, hutoa zaidi ya 3.5. Tena kloridi zilizomo katika majimaji yake hula chuma. Mwaka 2015 watafiti wa Toyota walieleza majimaji ya boroni yasiyo na kloridi, yavumiliayo volti zaidi ya 3. Hata sifa ya usalama, kwamba magnesiamu haioti sindano za kutoboa betri kama lithiamu, imepunguzwa na majaribio ya baadaye: huziota katika majimaji fulani.

Mzigo mkubwa sasa uko kwenye ncha chanya. Oksidi zenye volti kubwa zingali zikiikawiza ioni hiyo, na mada ya mwaka 2000 ingali kipimo ambacho nyingine hulinganishwa nacho.