Kaburi la Mama na Mtoto

Twahesabu kazi za wamisionari wa kwanza. Yatupasa kuhesabu na gharama yake. Mwaka 1844 Dr. Ludwig Krapf alifika Mombasa pamoja na mkewe, Bibi Rosine. Mtoto mmoja walikuwa wamekwisha kumzika katika safari ya Uhabeshi. Mwezi wa Julai, wote wawili wakiwa wagonjwa wa homa, Bibi Rosine akazaa mtoto mwanamke. Siku chache baadaye mama akafariki, na mtoto akamfuata. Wakazikwa bara, ng’ambo ya kisiwa.

Siku zile haikujulikana bado ya kuwa homa ile huletwa na mbu. Ronald Ross alivumbua viini vyake ndani ya mbu mwaka 1897. Basi mzazi mgeni alikuwa na njia mbili: kumlea mtoto penye homa, au kumwacha Ulaya alelewe na wengine. Mama wa pwani nao walizika watoto wao kwa homa hiyo hiyo, wala hawakuwa na njia ya pili.

Krapf aliitikia wito kwa hiari yake, mtoto hakuulizwa. Tunaposhukuru, tuwakumbuke na wadogo hao.