Purrkur Pillnikk: walitenda kabla ya kuweza

Santuri ndogo ya inchi 7 kwa kawaida hubeba wimbo mmoja kila upande. Mwaka 1981 vijana wanne wa Reykjavík walishindilia humo nyimbo 10, nyingine zikiisha kabla ya dakika moja, wakaiita Tilf. Bendi yao, Purrkur Pillnikk, ilikuwa imeundwa Machi mwaka huohuo.

Aisilandi ya siku hizo ilikuwa na watu wasiofika laki mbili na nusu. Redio ilikuwa moja, ya serikali, na televisheni, nayo ya serikali, ilifungwa kila Alhamisi. Kijana aliyetaka kusikia kitu kipya ilibidi akitengeneze mwenyewe. Einar Örn Benediktsson alishika kipaza sauti, Bragi Ólafsson gitaa la besi, Friðrik Erlingsson gitaa, na Ásgeir Bragason akakalia ngoma. Msimamo wao ulikuwa kwamba kinachohesabika ni kile mtu anachofanya, si kile anachoweza. Ukizisikiliza nyimbo zile unaona walimaanisha: Einar Örn haimbi hasa, ananena kwa ukali kama mtu anayegombana na ukuta, besi ikimkimbiza nyuma. Akimaliza la kusema, wimbo umekwisha. Kwangu mimi, ufupi ule ni uaminifu.

Albamu yao ya kwanza waliiita Ekki enn, yaani "bado". Bendi ya The Fall ya Uingereza ilifika Reykjavík mwaka huo wa 1981 na kurekodi huko sehemu ya albamu yake Hex Enduction Hour. Mwaka 1982 Purrkur Pillnikk wakazunguka Uingereza pamoja na The Fall. Mwongozaji Friðrik Þór Friðriksson akawatia katika filamu yake Rokk í Reykjavík. Agosti 1982 wakavunja bendi, miezi 17 tu tangu waianze.

Mwaka 1986 Einar Örn, Bragi na mpiga gitaa Friðrik walikuwa pamoja tena, safari hii na mwimbaji Björk, katika Sugarcubes, bendi iliyoufanya ulimwengu uisikie Aisilandi. Friðrik hakukaa sana. Aliandika Benjamín dúfa, kitabu cha watoto kilichokuja kuwa filamu. Bragi naye ni mwandishi wa riwaya. Na mwaka 2010 Einar Örn, ambaye hakuwa mwanasiasa, aligombea udiwani Reykjavík kupitia chama kipya kilichoongozwa na mchekeshaji. Akachaguliwa, akaenda kufanya kazi.