Nani Mwenye Kufunga Msitu: Kaya, Ngitili na Hima

Kila mpango wa kuhifadhi mazingira siku hizi unataja ushirikishwaji wa jamii. Katika vijiji vingi maana yake imekuwa ndogo: wananchi wanaitwa mkutanoni, wanasomewa mpango ulioandikwa mjini, wanasaini karatasi ya mahudhurio na kurudi makwao. Msitu ukikatwa miaka michache baadaye, wanalaumiwa kwa kukosa mwamko. Lakini zipo jamii zilizotunza ardhi yao kwa vizazi vingi kabla ya mpango wowote kuandikwa, na desturi zao zinatuonyesha ushiriki wa aina nyingine kabisa. Nachukua tatu: misitu ya kaya ya Wamijikenda wa pwani ya Kenya, ngitili za Wasukuma wa Shinyanga, na hima iliyoanzia Bara Arabu kisha Uislamu ukaiwekea sheria. Hazifanani kwa imani wala kwa mandhari. Zinakutana katika jambo moja ambalo ndilo shina la makala haya: jamii inashiriki kweli katika hifadhi pale tu inapokuwa na mamlaka ya kukataza, na inapokubali yenyewe kukatazwa.

Tuanze na kaya. Simulizi za Wamijikenda zinasema mababu zao walishuka kutoka Singwaya, kaskazini, wakajenga maboma yao ndani ya misitu ya vilima na uwanda wa pwani. Makundi yao ni tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Wakauma, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Waribe. Ndani ya kaya ilifukiwa fingo, kinga iliyowalinda wakazi wake. Kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wamehamia nje ya kaya, lakini misitu ilibaki kuwa mahali pa makaburi, maombi na matambiko. Mwiko wake hauna msimu. Mti haukatwi, ng'ombe hawachungwi humo, na hata tawi lililoanguka lenyewe halibebwi kuwa kuni. Anayevunja mwiko hutozwa mbuzi au kuku wa kutakasia. Katika Kaya Kinondo, Kwale, mgeni huvaa kaniki kiunoni kabla ya kuingia. Wazee wa kaya ndio wenye kauli juu ya nani aingie, lini, na kwa shughuli gani.

Kwa Wasukuma mambo ni tofauti. Nchi yao ni kavu, yenye migunga, mbuga na mifugo mingi, na swali linalowasumbua kila mwaka ni ng'ombe watakula nini kiangazi kikikolea. Jibu lao ni ngitili. Mvua zinapoanza, sehemu ya malisho hufungwa. Nyasi na miti hukua bila kuguswa. Kiangazi kikikausha malisho mengine, ngitili hufunguliwa, na wanaofikiriwa kwanza ni ndama, ng'ombe wa kulimia na mifugo dhaifu isiyoweza kutembea mbali. Ngitili inaweza kuwa ya kaya moja, kwa maana ya familia, au ya kijiji kizima. Hapa hakuna fingo wala kaniki. Kuna hesabu ya mfugaji anayejua kwamba akila leo chote kilichopo, kesho hatakuwa na cha kula. Mipaka yake ililindwa na kauli ya wazee, na kesi za wavunjaji zikapelekwa kwenye dagashida, baraza la kimila la Wasukuma, au zikashikwa na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji.

Hima, yaani eneo la malisho lililofungwa, nayo ina historia ndefu na yenye machungu. Kabla ya Uislamu, wakuu wenye nguvu walijitwalia malisho bora na kuwafukuza wengine. Inasimuliwa juu ya Kulaib, mkuu wa Taghlib, kwamba eneo lake lilifika hadi pale sauti ya mbwa wake ilipokoma kusikika. Ngamia jike wa mgeni alipoingia humo, Kulaib alimpiga mshale. Kulaib naye akauawa, na simulizi zinasema vita vya Basus vilivyofuata vilidumu miaka arubaini. Mtume Muhammad (S.A.W.) aliibatilisha hima ya aina hiyo. Kuanzia hapo hapakuwa na mtu wa kujifungia ardhi kwa ukubwa wake. Hima ikawa kwa maslahi ya wote, kama ile ya al-Naqi' karibu na Madina iliyotengewa farasi wa Waislamu. Wanazuoni wakaiwekea masharti: itangazwe na kiongozi halali, ilenge maslahi ya umma, isiwatie watu dhiki kwa kuwanyima riziki yao ya lazima, na manufaa yake yazidi madhara.

Khalifa Umar ibn al-Khattab aliipeleka hoja hiyo mbali zaidi. Katika maagizo yake kwa msimamizi wa hima, yaliyopokewa katika Sahihi ya al-Bukhari, alimtaka amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, lakini azuie mifugo ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Sababu yake ilikuwa wazi. Matajiri hao, mifugo yao ikifa, wana mitende na mashamba ya kurudia, ilhali maskini akipoteza wanyama wake atakuja kwa Khalifa na watoto wake akiomba msaada. Uthman na Abdurrahman walikuwa masahaba wakubwa, watu wa heshima isiyo na shaka. Hata hivyo uzito wa katazo uliangukia kwao, kwa kuwa wao ndio waliokuwa na uwezo wa kuubeba.

Tukiziweka desturi hizi tatu pamoja, tofauti ya kwanza iko kwenye chanzo cha utii. Mmijikenda hakati mti wa kaya kwa kuwa mababu wamelala pale. Msukuma haingizi ng'ombe ngitilini mwezi wa kwanza kwa kuwa atawahitaji wawe hai mwezi wa tisa. Mwislamu anaheshimu hima kwa kuwa ni hukumu iliyotolewa kwa haki na mwenye mamlaka halali. Tofauti ya pili iko kwenye muda: kaya imefungwa siku zote, ngitili inafungwa na kufunguliwa kwa majira, na hima inadumu kwa kadiri ya haja iliyoianzisha. Anayedhani kuna njia moja ya Kiafrika au ya Kiislamu ya kutunza mazingira, inayoweza kunakiliwa kutoka kijiji hadi kijiji, azitazame tofauti hizi kwa makini.

Mahali zinapofanana zaidi ni katika namna zilivyovunjwa. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola waliwakusanya Wagiriama katika Kaya Fungo, wakala viapo vya kukataa kodi na kazi za kulazimishwa. Mwaka 1914 Waingereza waliilipua kaya hiyo kwa baruti. Walielewa vizuri kwamba wakiivunja kaya wanavunja baraza. Shinyanga, utawala wa kikoloni ulifyeka miti katika maeneo makubwa ili kuwaangamiza mbung'o, na kilimo cha pamba kikaongeza ufyekaji. Baada ya uhuru, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu kutoka kwenye makazi yao, na ngitili walizoziacha nyuma zikakosa mwenyewe. Saudi Arabia, amri ya mwaka 1953 iliondoa haki za makabila juu ya hima zao na kufungua malisho kwa kila mtu. Mifugo ikamiminika, na ardhi nyingi iliyotunzwa kwa vizazi ikachakaa.

Nia za watawala hao hazikuwa sawa. Mmoja alitaka kuwanyamazisha watu, mwingine, kwa kuwakusanya vijijini, alitaka kuwapelekea shule na zahanati, wa tatu alitaka malisho yawe ya wote. Matokeo kwa ardhi yakalingana, kwa kuwa katika kila tukio mamlaka ya kufunga yaliondolewa mikononi mwa walioishi karibu na kilichofungwa. Ardhi iliyosemwa kuwa ya wote ikawa ya yeyote aliyewahi kufika.

Kufufuka kwa desturi hizi nako kunafundisha. Mwaka 1986, serikali ya Tanzania ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Badala ya kutegemea bustani za miche peke yake, mradi uligeukia desturi ambayo wakulima na wafugaji waliijua tayari, na vijiji vikaachiwa kuamua wapi pafungwe na nani aadhibiwe. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimeenea katika vijiji zaidi ya 800, na eneo lililorejeshwa lilizidi hekta 300,000. Visiki na mizizi iliyokuwa hai ardhini ilichipua ilipopata kupumzishwa. Wanawake wakapata kuni karibu zaidi. Wenye nyumba wakapata nyasi za kuezekea, na waganga wakapata dawa. Kenya nayo ilianza kuzitangaza kaya kuwa turathi za taifa mwaka 1992. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza misitu kumi ya kaya katika Orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka 2009 mila zinazoandamana nayo zikaingizwa katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa haraka.

Hata hivyo, sifa hizo zisitufumbe macho. Kila desturi ina upungufu ambao nyingine inaweza kuuziba. Kaya inategemea heshima kwa mababu, na kijana asiye na heshima hiyo anaona mbao na mkaa tu. Uroho wa ardhi katika pwani ya kitalii ni mkubwa. Katika kisiwa cha Chale, kusini mwa Diani, hoteli ilijengwa ndani ya eneo linaloheshimiwa kuwa kaya. Kilifi, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na kila anapouawa mzee, hupotea pia sehemu ya elimu ya kuutunza msitu. Hapa kaya inaweza kujifunza kwa ngitili kwamba watu walinde pia kwa sababu wanafaidi. Kaya Kinondo imeshachukua njia hiyo kwa kupokea watalii wanaoongozwa na wenyeji kwa masharti ya wazee.

Ngitili nayo ina jeraha lake. Nyasi zikiwa na bei, mwenye ardhi kubwa hufunga ngitili kubwa, na asiye na ardhi hubaki akitazama. Kijiji kikisema kimehifadhi ilhali maskini wake wamepoteza njia ya kulishia mbuzi wawili, kimerudi kwa Kulaib bila kujua. Agizo la Umar linapaswa kusomwa katika kila kikao cha kutunga sheria ndogo za kijiji: mzigo wa katazo uanze kwa mwenye mbadala. Hima nayo, kwa kuwa imefungamana na kiongozi, ilifutika kwa kalamu ya kiongozi. Ilikosa kile ambacho dagashida na baraza la wazee wa kaya wanacho, yaani wenyeji wanaoweza kumwambia mkubwa hapana.

Ushahidi kwamba desturi hizi zinaweza kukutana tunao kwetu, katika kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba. Kilitangazwa hifadhi mwaka 1998 baada ya mipango ya kukigeuza kuwa cha hoteli kupingwa, na wavuvi wakapewa nafasi katika uendeshaji wake. Wapemba walikwisha kukiheshimu kisiwa hicho kwa simulizi za Nabii Khidhri. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mafundisho ya Kiislamu juu ya amana ya mwanadamu kwa viumbe yakaletwa katika kazi hiyo ya kuhifadhi. Heshima ya mahali, maslahi ya mvuvi na hukumu ya dini zilisimama upande mmoja.

Sheria zetu za leo zinatoa nafasi. Tanzania ina Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002, ambazo zinakiwezesha kijiji kutenga na kusimamia msitu wake. Kenya ina Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Kinachobaki ni kuzitumia kwa ukamilifu. Ofisa anapofika kijijini kuzungumzia hifadhi, wanakijiji wamuulize maswali matatu kabla ya kusaini chochote. Je, tukisema eneo hili limefungwa, litafungwa hata kwa mwekezaji aliyetoka mjini na barua? Je, anayefungiwa kwanza ni mwenye ng'ombe mia tano au mwenye mbuzi wawili? Na je, tutakuwa na haki ya kufungua, kwa kipimo tutakachokubaliana, watoto wetu wanapohitaji? Mpango usioweza kujibu ndiyo kwa swali la kwanza na la tatu, na kulijibu la pili kwa haki, haujawashirikisha wananchi, hata kama mahudhurio yalikuwa makubwa kiasi gani. Wazee wa Rabai, wafugaji wa Shinyanga na wavuvi wa Pemba hawahitaji kufundishwa kuipenda ardhi yao. Wanahitaji katazo lao liwe na nguvu ya sheria, na sisi tulio mijini tuwe wa kwanza kulitii.