Herufi saba na bahari ya Debussy

Mwaka 1905 nyumba ya uchapishaji ya Durand, mjini Paris, ilitoa kitabu cha nota chenye wimbi kwenye jalada. Wimbi hilo lilitoka katika picha mashuhuri ya Mjapani Hokusai, ila mashua na mlima viliondolewa, likabaki wimbi peke yake. Ndani mlikuwa na La mer, kazi ya okestra ya Claude Debussy kuhusu bahari. Mwaka huohuo, Unguja, kilianzishwa kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa, ambacho watu wa pwani wanakijua hadi leo.

Sehemu ya kazi ile Debussy aliiandika bara kabisa, Bichain, kijiji cha Burgundy kilicho mbali na bahari. Huku kwetu Mombasa, Likoni na Kisauni, watu walioishi kwa kupwa na kujaa waliiimba bahari kila siku, na takriban hakuna aliyeandika sauti zao. Jambo hilo linaniuma, na sababu zake ni za kihistoria, tena zinaelezeka.

Kisauni karatasi za muziki zilikuwa na mlango wa kuingilia. Anayevuka Daraja la Nyali kutoka kisiwani hufika Kengeleni, njia panda iliyopata jina lake kwa kengele ya Freretown, ambayo ingalipo. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, kwa shinikizo la Waingereza lililoongozwa na Sir Bartle Frere. Mwaka 1875 wamishonari wa Kianglikana wa CMS, chini ya William Salter Price, wakafungua Freretown, kijiji cha Kisauni cha kuwapokea waliookolewa majahazini. Kengele iliwaonya wenyeji wavamizi walipokaribia.

Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo walijikuta majirani. Juu yao wakaja wale waliolelewa Nasik, India, walioitwa Waafrika wa Bombay. James Mbotela, mzaliwa wa Freretown, alihadithia safari za wazee hao katika Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934. Fikiria watu hao jioni ya kwanza. Kila mmoja ana bembelezi la mama yake, na jirani hajui kuliitikia. Kiswahili kikawapa lugha moja, na kanisa likawapa nyimbo za kuimba pamoja.

Huko Uingereza, njia ya kufundisha nyimbo za sauti nne bila gharama ilikwishapatikana. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, aliwafundisha watoto kuimba kwa herufi, na kuanzia mwaka 1841 mchungaji John Curwen akauchukua mfumo wake, akaurekebisha na kuueneza. Ndiyo solfa tunayoijua: d, r, m, f, s, l, t. Nukta mbili hutenganisha mapigo, mstari wa wima hutenganisha vipimo, kistari huendeleza sauti, na alama ndogo juu ya herufi huipandisha oktava. Mwalimu wa kwaya akiandika ubaoni s : – | m : d, teno wanajua washike wapi na washuke wapi, hata kama hawajawahi kugusa kinanda. Wamishonari waliibeba solfa hadi Afrika Kusini, Madagaska na Afrika Mashariki. Hadi leo, ukiingia mazoezi ya kwaya Changamwe au Likoni, uwezekano mkubwa ni kwamba karatasi mikononi mwa waimbaji ina herufi.

Nguvu ya solfa ilikuwa urahisi wa kuichapa. Mtambo wowote wenye herufi za kawaida uliiweza. Baadaye taipureta ikaiweza pia, na chaki haikuhitaji kitu kingine. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule karibu na Johannesburg, alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897, na tungo zake aliziandika kwa solfa katika daftari. Sauti hiyo ndiyo Watanzania wanayoiimbia Mungu Ibariki Afrika.

Sasa linganisha na kazi iliyofanyika Paris. Ili kuchapa ukurasa mmoja wa Debussy, mchongaji alichukua sahani ya madini laini, akaikwaruza mistari mitano kwa chombo chenye meno matano, kisha akagongelea kila nota kwa nyundo na muhuri wa chuma. Aliigonga kinyumenyume, kama inavyoonekana kwenye kioo, ili karatasini itokee sawasawa. Ukurasa wa okestra una safu ya filimbi, ya tarumbeta, ya vinubi, ya fidla, na kadhalika, kila ala na mistari yake. Hiyo ni kazi ya fundi aliyefunzwa miaka mingi, na ya mchapishaji mwenye wanunuzi wa kutosha kuilipia. Kijiji cha wakimbizi wa utumwa hakikuwa na njia ya kuifikia.

Tena muziki wenyewe ulikataa. Solfa ina nyumba, nayo ni d. Kila sauti hupimwa kwa umbali wake kutoka hapo. Debussy alipenda kuiondoa nyumba hiyo. Kipande chake cha piano Voiles, kilichochapishwa mwaka 1910, kwa sehemu kubwa kimejengwa juu ya ngazi ya hatua sita zinazolingana, kiasi kwamba sikio halijui ni ipi ya kutulia. Mwalimu wa solfa angekwama mstari wa kwanza.

Lakini si kila kitu chake kiko hivyo, na hapa pana jambo ambalo ningependa waalimu wetu wa kwaya walijaribu. Mwaka 1889, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, Debussy alisikia gamelan, muziki wa ala za kugongwa wa Java. Athari yake inasikika katika Pagodes ya mwaka 1903, iliyosimama juu ya ngazi ya sauti tano: d, r, m, s, l. Kwaya yoyote ya Kisauni ingeweza kuimba sauti yake kuu kwa herufi hizo tano. Na Java iko ng'ambo ya bahari yetu hiihii ya Hindi. Kilichopigwa na Wajava kilisikika Paris, athari yake ikaandikwa, ikachapishwa, na jalada likabeba jina la Debussy peke yake.

Karatasi ndiyo iliyoamua mengi. Muyaka bin Haji, bingwa wa mashairi wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, tunayo maneno yake kwa sababu Mwalimu Sikujua na mmishonari William Taylor waliyakusanya na kuyaandika. Diwani ya Muyaka ikachapishwa Johannesburg mwaka 1940. Mashairi yale yalikuwa ya kuimbwa. Kurasa zikahifadhi vina na mizani, mahadhi yakaachwa nje. Beni nayo, ngoma ya tarumbeta iliyowatenga watu wa Mombasa kuwa Kingi na Skochi, ilijaa mitaani kwa ushindani mkali, ikapita bila kuachiwa kitabu cha nota.

Lakini ipo mara moja ambapo mambo yalikwenda vizuri. Mwaka 1963 wimbo wa taifa la Kenya ulipotafutwa, kamati ya Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi ilichukua bembelezi la Wapokomo kutoka Tana River. Aliyewapa ni Mzee Meza Morowa Galana. Walilisikiliza, wakalipangia sauti, na tangu tarehe 12 Desemba mwaka huo bendi yoyote duniani inaweza kulipiga kwa kusoma. Hyslop na wenzake waliandika, na jina la Galana halikupotea. Yote mawili yaliwezekana kwa pamoja.

Leo karatasi za Debussy ziko simuni. Alifariki mwaka 1918, na sheria ya Kenya hulinda kazi ya mtunzi kwa miaka 50 baada ya kifo chake, basi kwetu ni mali ya wote. Maktaba ya mtandaoni ya IMSLP, iliyoanza mwaka 2006, inazo nakala za zamani za Durand. Mpiga kinanda wa Likoni anaweza kulinganisha La mer ya 1905 na ile iliyosahihishwa mwaka 1909, aone kwamba karibu na mwisho Debussy aliondoa mlio mfupi wa tarumbeta na baragumu. Waongozaji wa okestra bado wanabishana kama urudishwe, na wanabishana kwa sababu kurasa zote mbili zipo.

Tungo za waalimu wa kwaya wa pwani, kwa upande mwingine, zinazunguka kwa kopi ya kopi. Jina la mtunzi hukatwa ukingoni, mwaka hauandikwi, na akifa mwalimu daftari huishia kwenye sanduku la familia. Kuliokoa hakuhitaji mchongaji wa Paris. Kunahitaji jina kamili na tarehe juu ya ukurasa, picha safi ya kila karatasi, na nakala moja ipelekwe maktaba wakati mtunzi angali hai wa kusahihisha.