Difu ya Mbele Haikuanzia kwa Wakubwa

Anayeiona leo pikapu ya Ford au Chevrolet ikivuta kwa magurudumu yote manne hudhani kwamba kampuni hizo ndizo zilizoanzisha jambo hilo. Historia ya Marekani inasema vingine. Ford ilianza kuunda pikapu ya namna hiyo kwa mikono yake mwaka 1959, na Chevrolet ikafuata mwaka 1960 kwa mtambo wake yenyewe. Kabla ya hapo, mkulima aliyetaka gari la kupita kwenye tope na theluji alinunua pikapu ya kawaida inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, kisha ikabadilishwa na kampuni ndogo zilizoifanya kazi hiyo kuwa riziki yao. Naamini sifa ya uanzilishi ni ya wabadilishaji hao, kwa kuwa ndio ambao wangebeba hasara iwapo wateja wasingetokea.

Mfano wa kwanza mkubwa ni Marmon-Herrington ya Indianapolis, iliyoundwa mwaka 1931 na Walter Marmon na Arthur Herrington. Kuanzia mwaka 1935 walichukua magari ya Ford na kuyafungia ekseli ya mbele yenye difu. Ugumu wa kazi hiyo uko mahali pamoja hasa: gurudumu la mbele linatakiwa livute na wakati huohuo likate kona, kwa hiyo shafti yake lazima ipinde bila kupoteza mwendo. Baada ya hapo inahitajika gia boksi ya pili ya kugawa nguvu kati ya mbele na nyuma, na propela shafti ya kuipeleka mbele. Ujuzi huo ulifika mbali. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Afrika Kusini iliunda maelfu ya magari ya deraya juu ya chesisi za Ford zenye vifaa vya Marmon-Herrington, na baadhi yake yalipigana na Waitalia katika kampeni ya Afrika Mashariki ya 1940 na 1941.

Lakini waliomfikia mwenye pikapu ya kawaida ni NAPCO ya Minneapolis, iliyokuwa ikiuza vipuri vya magari. Miaka ya 1950 waliuza seti kamili waliyoiita Powr-Pak, na ubunifu wake unaonekana ukiinama chini ya gari. Difu ya mbele ilitumia moyo uleule wa difu ya nyuma ya Chevrolet, hivyo uwiano wa gia ukalingana mbele na nyuma. Usipolingana, kwenye barabara kavu ekseli moja huiburuta nyingine hadi meno ya gia yaumie. Isitoshe, fundi hakulazimika kuikata chesisi. Alitoboa mashimo machache, akafunga, na gari likichakaa seti iliweza kuhamishiwa jingine. GMC iliiweka seti hiyo katika orodha yake mwaka 1956, na Chevrolet ikaanza kuifunga kiwandani mwaka 1957. Kiwanda kikubwa kuingiza vipuri vya muuza vipuri kwenye laini yake ni ushahidi ambao sioni namna ya kuupinga.

Wapo watakaosema kwamba Dodge Power Wagon ilitoka mwaka 1946 na pikapu ya Willys mwaka 1947, zote zikivuta kwa magurudumu manne tangu kiwandani. Ni kweli, na heshima yao wanayo. Ila Power Wagon ilirithi chesisi ya gari la jeshi, nzito na ya mwendo wa pole, na zote mbili zilikuja zaidi ya miaka 10 baada ya kazi ya Indianapolis. Mkulima hakutaka gari la vita lililovuliwa magwanda; yeye alitaka pikapu yake ileile, ya kwenda shambani Jumamosi na kanisani Jumapili.

Pingamizi la pili ni la wapenda magari ya kale, wanaoona kuibadilisha pikapu ya miaka ya 1950 ni kuiharibu. Hofu yao ina msingi pale fundi anapochomelea chesisi na kutupa ekseli ya awali. Hata hivyo, pikapu nyingi za wakati huo zilibadilishwa zingali mpya, na mabadiliko hayo ni sehemu ya historia yao. Kwa hiyo, mwenye pikapu ya zamani anayekusudia kuifungia difu ya mbele na afuate njia ya NAPCO: asiikate chesisi, alinganishe uwiano wa gia, na kila kipande alichokitoa akipake grisi na kukihifadhi kwa ajili ya atakayelimiliki gari hilo baada yake.