Ruta ya Kabatini na Maabara ya Kwa Laptopu

Chuoni kwetu ruta ilikuwa moja. Ilifungiwa kabatini, ufunguo ulikuwa na mwalimu, na siku ya kuigusa tulikuwa watu zaidi ya thelathini. Mmoja anachapa, wengine tunaangalia mgongo wake. Halafu unamaliza kozi, unaenda kutafuta kazi, swali la kwanza: uko na uzoefu wa miaka mingapi? Uzoefu wa kuangalia migongo, ama?

Kwa hivyo mtu akiniambia hawezi kusoma mambo ya netiweki kwa sababu hana vifaa, simcheki. Namwambia tu, wacha nikupe historia kidogo. Hii shida yako, vifaa vichache na watu wengi, ndiyo iliyozaa dawa yake.

Turudi miaka ya 1960, mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts huko Marekani. Kompyuta wakati huo ilikuwa inajaza chumba, na bei yake usiulize. Kila mtu alitaka muda wake kwa mashine. Wahandisi wa IBM, wakiongozwa na Robert Creasy, wakaunda mfumo ulioitwa CP-40. Ulichukua kompyuta moja ya System/360 ukaigawanya, watu 14 wakaweza kuitumia kwa wakati mmoja, kila mtu na mashine yake pepe yenye memori ya kilobaiti 256. Ilianza kazi Januari 1967. Mwaka wa 1972 IBM ikatoa VM/370 kwa wateja wake.

Fikiria ploti ya mtaani. Jengo ni moja, lakini kila mpangaji ana mlango wake na anaishi kama yuko peke yake. Hakuna mpangaji anayegusa koki kubwa ya maji. Akitaka maji, lazima apitie kwa msimamizi wa ploti. Mashine pepe ni mpangaji, na programu inayozigawia memori na prosesa ni huyo msimamizi.

Sasa, kwa nini hii kitu haikuja haraka kwa kompyuta zetu za nyumbani? Shida ilikuwa prosesa. Zile za x86, familia ya Intel na AMD, zilikuwa na amri kadhaa ambazo mpangaji akizitumia, msimamizi haambiwi. Yaani mtu anafungua koki usiku na hakuna anayejua. Wengi waliona haiwezekani. Kisha 1998 Diane Greene, Mendel Rosenblum na wenzao watatu wakaanzisha VMware, na 1999 wakatoa VMware Workstation. Ujanja wao ulikuwa kuisoma kodi ya mpangaji ikiendelea kukimbia, na kuziandika upya zile amri hatari kabla hazijafika kwa prosesa. Kati ya 2005 na 2006, Intel na AMD wenyewe wakaweka msaada huo ndani ya prosesa. Mwaka wa 2007 VirtualBox ikatoka, na unaipata bure.

Hii si hadithi ya kukupotezea wakati. Ukiweka VirtualBox leo halafu mashine ikatae kuwaka, mara nyingi shida ni kwamba huo msaada wa prosesa umezimwa. Ingia BIOS, tafuta VT-x kama prosesa ni ya Intel, au SVM kama ni ya AMD, uwashe. Laptopu nyingi za mtumba huja ikiwa imezimwa, na mtu anaamua ameuziwa takataka.

Ruta nazo zina hadithi yao. Zile za Cisco za wakati huo, kama 7200, zilitumia prosesa za MIPS, tofauti kabisa na ya laptopu yako. Kwa hivyo haikutosha kugawanya vyumba, ilibidi mtu aigize prosesa nzima kwa programu. Agosti 2005, Mfaransa Christophe Fillot akaanza kuandika Dynamips, programu inayofanya hivyo. Ilikuwa na tabia mbaya: ruta hata ikiwa haina kazi, inakula prosesa yako yote, kwa sababu Dynamips haikujua ruta imepumzika saa ngapi. Ikabidi mtumiaji aitafutie thamani inayoitwa Idle-PC, laptopu ipumue. Baadaye Jeremy Grossmann akaleta GNS3, ukaanza kuburuta ruta kwa skrini na kuziunganisha kwa kubofya.

Lakini tuambiane ukweli. Dynamips haiji na programu ya ndani ya ruta. Hiyo ni mali ya Cisco, na watu wengi huitoa mahali pasipofaa. Mimi sioni haja. Packet Tracer ya Cisco ni bure ukijisajili, ingawa hiyo inaiga tabia za ruta tu, haiendeshi programu yake halisi. MikroTik wana CHR, ruta kamili ya mashine pepe, na toleo la bure linabanwa kwa megabiti 1 kwa sekunde kila mlango. Kwa kujifunza, hiyo ni nyingi. FRRouting nayo ni bure kabisa.

Na pa kuanzia si mbali. Weka VirtualBox. Tengeneza mashine tatu ndogo za Linux bila skrini za mapambo, kila moja megabaiti 512. Hiyo ni mara 2,048 ya kile watu wa 1967 walikuwa nacho, kwa hivyo usiniambie laptopu yako ya gigabaiti 4 haitoshi. Mashine ya katikati ipe kadi mbili za netiweki, ndiyo ruta yako. Ya kushoto iweke kwa 192.168.10.0/24, ya kulia kwa 192.168.20.0/24, na zote zielekeze kwa ile ya katikati. Tumia netiweki ya ndani ya VirtualBox, ili ukiharibu usizime waifai ya nyumba nzima. Kabla ya kuharibu, hifadhi hali ya kila mashine, ndio uweze kurudi nyuma.

Sitakudanganya, kuna vitu haitakufundisha. Hutajua kubana kichwa cha kebo, wala kupanda ngazi kutafuta swichi iliyojaa vumbi. Hizo utajifunza kwa mkono, siku utakayopewa nafasi. Lakini wasee wananunua majibu ya mitihani mtandaoni, wanapata cheti, halafu siku ya kwanza kazini wanaogopa hata kugusa kibodi. Huyo hana tofauti na sisi tuliokuwa tukiangalia mgongo. Aliyevunja netiweki yake mara mia kwa laptopu anaingia kwa mahojiano na kitu cha kusema.

Ukimaliza kuunganisha, piga ping kutoka kushoto kwenda kulia. Itakataa. Linux kwa kawaida haipitishi pakiti za watu wengine mpaka uiambie, na amri ya kuiambia ina neno ip_forward ndani yake. Usiniandikie kwanza. Itafute mwenyewe, ping ijibu, kisha uje uniambie ilikuchukua muda gani.