Utalii janja: Venice inavyohesabu wageni kwa simu zao

Ukishuka kwenye stesheni ya treni ya Venice, Italia, siku ambayo mji umejaa, usishangae mkaguzi akikuomba uonyeshe msimbo wa QR kwenye simu. Huna? Faini yake inaanzia yuro 50 hadi 300.

Huu ndio utalii janja: jiji linatumia takwimu, simu na intaneti kujua wageni wanakuja lini na wanajazana wapi, halafu linajipanga. Umoja wa Ulaya unatoa hadi tuzo kwa miji inayofanya vizuri. Helsinki na Lyon zilikuwa za kwanza kushinda, kwa tuzo ya mwaka 2019.

Venice ilikuwa na sababu ya kuharakisha. Wageni wengi huja asubuhi na kuondoka jioni. Hawalali hotelini, wengine wanabeba na chakula chao, lakini taka wanaziacha. Na kuzoa taka kwenye mji usiopitika kwa gari ni kazi ghali, kila kitu kinabebwa kwa mkokoteni na boti.

Tangu 2020 jiji lina chumba cha uangalizi kwenye kisiwa cha Tronchetto. Kamera na vihisi huhesabu watu na boti, mpaka boti inayokimbia kupita kiasi inaonekana. Takwimu za mitandao ya simu nazo zinaonyesha ni watu wangapi wako eneo fulani, na kama laini zao ni za Italia au za nje. Majina hayaonekani, ni idadi tu. Hata hivyo, si kila mtu anafurahia kuhesabiwa hivyo.

Aprili 25, 2024 ndipo ada ilipoanza. Mgeni wa kutwa alilipa yuro 5 kwa siku 29 zilizochaguliwa, kuanzia saa 2:30 asubuhi hadi saa 10 jioni. Mwaka 2025 siku zikawa 54, na anayechelewa kulipa akatozwa yuro 10. Wakazi, wafanyakazi, wanafunzi na watoto chini ya miaka 14 hawalipi. Anayelala hotelini pia halipi, ila lazima ajisajili mtandaoni.

Mwaka wa kwanza zilipatikana zaidi ya yuro milioni 2. Jiji lilisema fedha hizo ni za kuhudumia mji, ili mzigo usimwelemee mkazi peke yake.

Je, watu walipungua? Wakosoaji wanasema wapi! Yuro 5 ni kama bei ya kahawa kwa mtu aliyelipia ndege. Siku ada inaanza, wakazi waliandamana wakisema mji wao si bustani ya kuingia kwa tiketi. Kilio chao kikubwa ni nyumba: wenye nyumba wengi wanaona afadhali kupangisha watalii kwa siku chache kuliko familia kwa mwaka. Hilo msimbo wa QR hauligusi.

Karibu na daraja la Rialto, kwenye dirisha la duka la dawa, kuna kibao cha taa kinachoonyesha idadi ya wakazi waliobaki katika mji wa zamani. Kilipowekwa mwaka 2008 kilisoma zaidi ya 60,000. Mwaka 2022 kikashuka chini ya 50,000.